Bastola ya kuwindia kulungu Ohio: .357, 10mm, .44 au .460?

Mwindaji_Columbus

Wakuu, habari za huko.

Nipo Columbus, Ohio. Kozi ya usalama wa uwindaji nimemaliza, leseni ninayo, na kulungu wa mkia mweupe nimezoea kumpiga kwa shotigani ya risasi moja nzito. Msimu wa bunduki unaokuja, ule unaoanza Jumatatu baada ya Thanksgiving (sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba), nataka kuingia na bastola. Shamba nililoruhusiwa ni msitu mnene: mbali kabisa unakoweza kuona ni yadi 70 hivi, na mara nyingi kulungu anatokea yadi 30 hadi 50.

Ninazozifikiria ni hizi:

1. Rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357 Magnum, mtutu inchi 4 (ipo tayari nyumbani)
2. Glock 20 ya 10mm, kuna jamaa anauza
3. Ruger Super Redhawk ya .44 Magnum, mtutu inchi 7.5
4. Rivolva ya .460 S&W (Smith & Wesson), kwa ushauri wa mtu anayesema "nenda kubwa umalize kabisa"

Ipi inafaa, kwa risasi ya aina gani, na niweke darubini au nibaki na kilengeo cha chuma? Naomba kuwasilisha.

Mtutu_Mrefu

Mkuu, kabla hatujafika kwenye nguvu, sheria imeshakufutia mbili za kwanza.

Ohio inataka bastola ya kulungu iwe na mtutu usiopungua inchi 5, na risasi yenye ganda lililonyooka, kipenyo kuanzia .357 kwenda juu. Kwenye rivolva mtutu unapimwa kuanzia mbele ya silinda, silinda yenyewe haihesabiwi. Kwa hiyo .357 yako ya inchi 4 ni halali kulindia nyumba, kwa kulungu hapana. Glock 20 mtutu wake ni inchi 4.6, nayo imeanguka. Ukitaka kubaki kwenye 10mm upande wa Glock, tafuta modeli ya 40 yenye mtutu wa inchi 6, na kabla ya kulipa soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huu uone kipimo kinaanzia wapi kwenye bastola isiyo na silinda, maana ukitoa chemba (sehemu risasi inapokaa) unabaki karibu kabisa na inchi 5.

Hilo la ganda lililonyooka watu hulipita haraka. .357 Magnum imenyooka, lakini .357 SIG ina shingo kama chupa, kwa hiyo haifai, ingawa jina linafanana. Usinunue kwa kusoma namba tu.

Na ukivuka mpaka kwenda Indiana au Michigan, sahau yote niliyoandika hapa. Kila jimbo lina urefu wake wa mtutu, vipimo vyake vya ganda na majira yake. Hata ndani ya Ohio, msimu wa upinde haukuruhusu kumpiga kulungu kwa bastola. Msimu wa bunduki ni fulana ya rangi ya chungwa juu ya kila kitu ulichovaa, na saa ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama.

Fundi_Baruti

Sheria imeshasemwa, mimi niende kwenye kaliba, yaani kipenyo na nguvu ya risasi.

Risasi ya bastola haimwangushi mnyama kwa mshtuko kama ya bunduki ndefu ya kasi. Inaua kwa tundu. Inapita mapafu yote mawili, damu inamwagika, shinikizo linashuka, kulungu anakimbia yadi 40 au 80 kisha miguu inaisha. Basi unachonunua ni vitu viwili tu: upana wa tundu, na uhakika kwamba risasi itatokea upande wa pili. Namba za nishati kwenye boksi zinasaidia kulinganisha, ila hazimfuatilii kulungu gizani. Tundu la kutokea ndilo linalokuachia damu ya kufuata.

.357 Magnum, kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greni 158 (kama gramu 10), hutoka kwa takriban futi 1,235 kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 4, nishati futi-pauni 535. Mtutu wa inchi 6 au 8 unaongeza kasi kidogo. Inaua kulungu, hilo halina ubishi, lakini haina akiba. Ukigonga mfupa wa bega kwa kichwa kilichotengenezwa kwa ajili ya kujilinda mjini, chenye ncha ya tundu, kinapanuka mapema mno, kinasimama kwenye nyama ya juu, na kulungu anaondoka na jeraha. Anayewinda na .357 achague greni 158 ya ncha laini au greni 180 ya kichwa kigumu, abaki ndani ya yadi 50, na afyatue pale tu mnyama anapokuwa ubavu wazi.

10mm, greni 180 hadi 200, futi 1,200 hadi 1,275, inakupa futi-pauni 640 au 650 hivi. Ipo juu kidogo ya .357, haipo karibu na .44. Faida yake ni teke jepesi na umbo ambalo wengi wamelizoea. Hasara ni kwamba risasi nyingi za dukani za 10mm zimepunguzwa baruti mpaka zinakaribia .40 S&W. Soma kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ukiona greni 180 kwa futi 1,030, hiyo iache kwa ajili ya mazoezi.

.44 Magnum, iliyotokea katikati ya miaka ya 1950, greni 240 (gramu 15.5), futi 1,350, futi-pauni 970. Kwa kulungu wa mkia mweupe hii ndiyo kipimo, na sababu si nguvu peke yake. Kipenyo ni inchi .429, kwa hiyo hata kichwa kisipopanuka hata kidogo, tundu ni karibu milimita 11 tangu mwanzo. Risasi zipo kila duka. Na unafanya mazoezi kwa .44 Special, laini na tulivu, kwenye bastola ileile.

.460 S&W, greni 200 kwa futi 2,200, inazidi futi-pauni 2,100. Kwa yadi 50 msituni ni kuchukua lori la tani kumi kwenda kununua fungu la nyanya. Bastola yenyewe yenye mtutu wa inchi 8 inafika kilo 2. Mlio na moto wake humfanya mtu afumbe macho kabla hajafyatua, na tabia hiyo ikishaingia mkononi inachukua muda mrefu kuitoa. Ina maana pale unapowinda kwenye mashamba ya wazi, yadi 150 na kuendelea, na una egemeo la uhakika. Jamaa yako akisisitiza, mwambie akununulie na risasi.

Chukua Super Redhawk. Kilo 1.5 inakula teke, mtutu wa inchi 7.5 unapita kanuni bila mjadala, na inakuja na pete za kufungia darubini zikikaa moja kwa moja kwenye fremu, hakuna kutoboa wala kununua reli.

Mwindaji_Columbus

Asanteni sana, nimeelewa. .44 basi. Na kwenye risasi, nichukue ya ncha laini au hizi ngumu za kusubu? Na kuna mzee hapa ana rivolva ya .45 Colt ya mtindo wa zamani, anasema itanitosha. Kweli?

Fundi_Baruti

.45 Colt ya kawaida ni risasi ya mwaka 1873, shinikizo lake la juu ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 14,000 tu. Kichwa cha greni 250 kinachokwenda polepole kinamtoboa kulungu vizuri tu kwa yadi 40. Hatari ipo kwingine. Madukani kuna .45 Colt zilizoongezwa nguvu, zimeandikwa kwamba ni kwa Ruger fulani na Freedom Arms peke yake. Zinaingia kwenye chemba ya bastola ya mzee bila tatizo, na zinaweza kupasua silinda. Fremu za mtindo wa 1873 hazikutengenezwa kwa shinikizo hilo. Pia bastola za namna ile, nyundo ikilala juu ya risasi, zikianguka zinaweza kufyatuka. Zinabebwa na risasi tano, chemba ya sita ikiwa tupu chini ya nyundo. Ruger za New Model, kuanzia 1973, zina kipande cha kati kinachozuia hilo, kwa hiyo sita ni sawa.

Kichwa cha .44: greni 240 ya ncha laini, au ya ncha ya tundu iliyotengenezwa kwa uwindaji yenye koti nene, kama Hornady XTP. Inapanuka taratibu na bado inatoka upande wa pili. Ile ngumu ya kusubu, pua bapa pana, inapita chochote ikiwemo bega zote mbili, ila inataka ulenge vizuri kwa sababu haipanuki. Greni 300 ni kwa nguruwe mwitu wakubwa na dubu, kwa kulungu unaongeza teke bila faida.

Ukishachagua, nunua boksi za kutosha za aina ileile na usibadilishe. Kichwa kizito kinachokwenda polepole kinakaa mtutuni muda mrefu zaidi wakati bastola inainuka, kwa hiyo hupiga JUU kuliko chepesi kwenye yadi 25. Mtu anaweka shabaha kwa 240, anaingia msituni na 300, halafu analaumu darubini.

Mama_Zawadi

Wakuu, samahani kuingilia uzi. Mimi nipo Ohio kwa viza ya mwanafunzi (F-1), mume wangu ana green card (kibali cha ukaazi wa kudumu). Tunaruhusiwa kweli kushika hizi bastola?

Mtutu_Mrefu

Karibu dada. Mumeo mwenye green card ananunua kama raia, akiwa na miaka 21 kwa bastola (18 ni kwa bunduki ndefu), kutoka kwa muuzaji mwenye leseni na ndani ya jimbo analoishi.

Wewe mwenye viza ya muda, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki au hata kushika silaha na risasi, isipokuwa uwe ndani ya msamaha, na msamaha mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Leseni hiyo iwe haijaisha muda kila unapogusa silaha, hata ukiwa uwanja wa shabaha. Ikiisha, msamaha umeisha. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla, kwa sababu kosa hapa halikomei kwenye faini, linagusa viza yenyewe. Na wewe na mumeo mkubaliane nani ana funguo ya kabati la silaha.

Mtutu_Mrefu

Nirudi kwa mwenye uzi, kuhusu kulenga.

Kilengeo cha chuma cheusi, juu ya kulungu wa kahawia, ndani ya msitu saa kumi na moja jioni: hukioni. Na kulungu hutembea saa hizohizo. Kwa yadi zako 70 weka kilengeo cha nukta nyekundu. Nukta ya dakika 3 (dakika za pembe, si za saa) inafunika inchi 1.5 kwa yadi 50, inatosha kabisa. Punguza mwanga wake mpaka iwe hafifu, ikiwaka sana inafunika mnyama.

Ukitaka darubini, ni LAZIMA iwe ya bastola, kuza mara 2 inatosha. Darubini ya bunduki ndefu inataka jicho liwe sentimita 9 hivi kutoka kioo. Ukiifunga kwenye bastola ukanyoosha mikono huoni kitu, na ukisogeza uso uione, teke la.44 litakupasua nyusi. Ya bastola inatazamwa mikono ikiwa imenyooka.

Skrubu za pete zikaze kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, weka tone la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea, kisha zichunguze tena baada ya risasi 20 za kwanza. Bastola ikianza kutawanya ghafla, asilimia kubwa ni skrubu imelegea.

Kuweka shabaha: greni 240 ya futi 1,350 ukiilinganisha kwa yadi 75, itakuwa juu kama inchi 1 kwa yadi 50, na chini inchi 2.5 kwa yadi 100. Maana yake ndani ya eneo lako lote unalenga katikati ya kifua bila hesabu. Ukiilinganisha kwa 50, kwa 100 imeshuka inchi 4 hadi 5. Hizo ni za kukokotoa, thibitisha kwa karatasi.

Kobe_wa_Akron

Watu wanabishana kaliba, mimi nasema kulungu wengi wanapotea kwa sababu ya egemeo na kidole.

Moyo na mapafu ya kulungu ni duara la sentimita 20. Chukua sahani ya karatasi ya inchi 6, ibandike yadi 25. Kaa chini, mgongo kwenye mti, magoti juu, bastola mikononi ikiegemea fimbo mbili zilizofungwa kama mkasi. Piga tano. Zote zikiingia, rudi yadi 35, halafu 50. Umbali wa mwisho ambao zote tano zinaingia, kila mara, ndio umbali wako. Nne kati ya tano haihesabiki. Na usipimie kwenye benchi la uwanjani lenye mifuko ya mchanga. Msituni benchi hakuna.

Egemeo linagusa fremu mbele ya kinga ya kifyatulio, au mikono yako. Mtutu ukiulaza juu ya tawi gumu, unaruka na risasi inakwenda juu.

Sasa hatari ambayo wanaotoka kwenye Glock hawaijui. Rivolva ina upenyo kati ya silinda na mtutu, na hapo unatoka moto na vipande vya chuma kwa shinikizo la psi 36,000 kwenye .44. Mshiko wa vidole gumba mbele, ule wa bastola ya kawaida, unaweza kukuchana kidole. Gumba zote nyuma ya silinda. Ukiegemea goti, weka kipande cha ngozi juu ya suruali, vinginevyo inaungua.

Tegesha nyundo kwanza, ndipo ufyatue. Hapo kifyatulio ni pauni 3 hadi 4. Ukivuta moja kwa moja bila kutegesha ni pauni 10 na zaidi, na hapo ndipo risasi inapoingia tumboni. Kutegesha kunatoa mlio, kwa hiyo fanya kulungu akiwa nyuma ya mti au ameinamisha kichwa. Akiondoka hujafyatua, kushusha nyundo kwa vidole vya baridi vyenye glavu ni kazi ya hatari: vua glavu, elekeza ardhini mbele yako, gumba likamate nyundo imara, ndipo uguse kifyatulio.

Mazoezi: changanya .44 Special na maganda matupu kwenye silinda, zungusha bila kuangalia, funga. Nyundo ikiangukia ganda tupu na ncha ya mtutu ikazama, umeona kosa lako kwa macho. Vaa kinga ya masikio kila mara, hata msituni. Vaa zile za elektroniki zinazokuza sauti ndogo na kuzima kubwa, na unasikia majani yakivunjika vizuri kuliko bila kuvaa.

Fundi_Baruti

Naongeza mawili kwenye hilo la .44 Special. Ganda lake ni fupi, kwa hiyo linaacha pete ya uchafu ndani ya chemba, pale mdomo wa ganda refu la Magnum unapotakiwa kukaa. Usiposafisha, Magnum inaingia kwa kusukumwa, na ganda lililopigwa linagoma kutoka. Brashi ya shaba na kiyeyushio, kila chemba, kabla ya siku ya kuwinda.

La pili: kwa teke kali, kichwa cha risasi ambayo haijafyatuliwa kinaweza kuchomoka mbele kidogo kidogo kutoka kwenye ganda. Kikitokeza mbele ya silinda, silinda inagoma kuzunguka, na ya pili huipati. Kipimo ni rahisi: pima urefu wa risasi moja kwa kalipa (kifaa cha kupimia vitu vidogo), weka alama, ipakie pamoja na nyingine tano, piga hizo tano, ipime tena. Ikirefuka kwa kuonekana, badilisha chapa.

Mwindaji_Columbus

Hapo nimepata kitu. La mwisho: nikishafyatua, nifuate muda gani? Na kwa sisi Waislamu, kuna cha kuzingatia?

Kobe_wa_Akron

Usishuke haraka. Angalia alikosimama, alama ya mti alikopita mara ya mwisho, na alivyoitikia. Aliyeruka na kurusha miguu ya nyuma mara nyingi amepigwa kifuani. Aliyejikunja mgongo na kutembea taratibu, hiyo ni tumbo.

Nenda kwenye damu ya kwanza. Ya waridi yenye mapovu ni mapafu: subiri nusu saa, utamkuta karibu. Nyekundu iliyoiva sana ni ini: masaa matatu au manne. Yenye majimaji ya kijani na harufu: masaa sita au zaidi, ukimfuata mapema anainuka na kwenda maili nzima. Ukikosa damu kwa yadi 20 au 30 za kwanza usikate tamaa, tundu la bastola likiwa juu ubavuni damu inajaa ndani kwanza. Ndiyo sababu unalenga theluthi ya chini ya kifua, nyuma tu ya mguu wa mbele. Akiwa amekupa ubavu wazi, au amegeuka kidogo akikuachia mgongo, piga. Akikutazama uso kwa uso, mwache.

Ukimfikia, pitia upande wa mgongo, gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa bado yu hai, na kwato zake zinapasua mtu.

Hukumu ya fiqhi muulize shehe wako, mapema kabla ya msimu. Kwa vitendo, wanaofuata hilo husema bismillah kabla ya kuvuta kifyatulio, hubeba kisu kikali kiunoni, na wakimkuta bado na uhai humchinja palepale. Hilo linapingana na kusubiri nusu saa, kwa hiyo zungumza na shehe hilohilo hasa: ukiwa na hakika ya mapafu, umwendee mapema au usubiri.

Halafu kulungu lazima asajiliwe kwa mfumo wa jimbo, mwisho saa sita mchana wa siku inayofuata, na kibali kikae naye mpaka hapo.

Mama_Zawadi

Na risasi ikishapita bega, nyama ya pale inaliwa?

Fundi_Baruti

Kata inchi mbili au tatu kuzunguka njia ya risasi na utupe, zaidi ukiona damu iliyoganda kati ya misuli. Ncha laini huacha vipande vidogo vya madini ya risasi usivyoviona kwa macho, kwa hiyo usisage nyama ya pale kwa ajili ya watoto au mjamzito. Kichwa cha shaba tupu huondoa tatizo hilo na kipo kwa .44, greni 200 hadi 225, ila lazima uweke shabaha upya, kwa sababu hakitapiga palepale kilipopiga cha 240.